Sifa za Namba Kubwa: Tuichambue 720,720

Mtahiniwa akiona namba yenye tarakimu sita, mara nyingi huanza kugawanya ovyo na dakika zinapotea. Kumbuka kanuni moja: ivunje kwanza namba hiyo kuwa zao la namba tasa. Ukishafanya hivyo, maswali mengi yanayofuata hujibiwa kwa mistari miwili au mitatu.

Kuvunja

Tazama tarakimu: 720 imejirudia. Namba yoyote ya aina hii ni zao la tarakimu tatu za mwanzo na 1,001. Kwa hiyo:

720,720 = 720 × 1,001
720 = 2⁴ × 3² × 5
1,001 = 7 × 11 × 13
Jibu: 720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Sifa tatu za kukumbuka

1. *Idadi ya vigawo.* Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Sababu ni kwamba katika kila kigawo, kipeo cha 2 kinaweza kuwa 0, 1, 2, 3 au 4, yaani nafasi tano. Vivyo hivyo kwa namba tasa nyingine.

2. *Si namba mraba.* Katika namba mraba, vipeo vyote hugawanyika kwa 2. Hapa 5, 7, 11 na 13 zina kipeo 1. Namba ndogo kabisa ya kuzidisha ili tupate namba mraba ni 5 × 7 × 11 × 13 = 5,005. Kipeuo cha pili cha zao hilo ni 60,060.

3. *Ni KDS ya namba zote kuanzia 1 hadi 16.* Kwa hiyo namba ndogo kabisa, iliyo kubwa kuliko 1, inayobakiza 1 ikigawanywa kwa kila moja ya 2 hadi 16 ni 720,721.

Tahadhari

Namba ikikataa kugawanyika kwa namba tasa chache, usikimbilie kuandika kuwa ni namba tasa. Mfano, 30,031 hubakiza 1 ukiigawanya kwa 2, 3, 5, 7, 11 au 13, lakini 30,031 = 59 × 509. Ni lazima ujaribu namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni kama 173.

Jipime

Kwa namba 360,360, tafuta:
(a) idadi ya vigawo vyake;
(b) namba ndogo kabisa ya kuizidisha ili iwe namba mraba;
(c) KKS yake na 1,000,000.

*Majibu:* (a) 192 (b) 10,010 (c) 40

Ukikosa (b), rudia sifa ya 2 na uangalie kipeo cha 2 kwa makini.