Sabuni ya kunyolea inaunguza shingo

SWALI: Mimi ni kinyozi hapa Tabora. Nimepika sabuni ya kunyolea kwa kilo 1 ya mawese ya Kigoma na gramu 183 za kostiki soda. Imekauka, inamong'onyoka, na mteja wa kwanza shingo ilimwaka. Niitupe?

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu, ila usimpake mtu mwingine. Gramu 183 ni kipimo cha mafuta ya nazi, cha watu wa pwani. Mawese huhitaji takriban gramu 141 kwa kilo. Zile 42 zilizozidi hazikupata mafuta ya kushikana nayo, ndizo zinazounguza.

Vunja kipande. Ukiona vijishimo vyenye majimaji yanayoteleza, hiyo ni kostiki. Unga mweupe wa juujuu tu usikutishe.

Vaa glavu, ikwangue, iyeyushe kwa maji kidogo na moto mdogo, ongeza gramu 350 za mawese, koroga mpaka ilainike kama ugali mwepesi. Nakusihi, usitumie sufuria ya alumini: kostiki huila na kutoa gesi inayolipuka. Tafuta ya chuma cha pua. Siki nayo iache, huirudisha sabuni kuwa mafuta.

Ianike wiki nne, kisha ijaribu kwenye mkono wako mwenyewe kabla ya shingo ya mteja.