Futa Lenzi, Omba Ruhusa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mpiga Picha wa Simu Eldoret

Eldoret ni jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, lakini ni jiji ambalo ukipanda matatu, kabla ya saa moja kuisha uko msituni Kaptagat au umesimama Iten juu ya Bonde la Kerio. Kila wikendi watu wanatoka na simu zao, na jioni wanarudi na picha zile zile: uso mweusi tititi mbele ya anga jeupe, bonde lililofifia, mkimbiaji asiyetambulika. Wanalaumu simu. Simu haina hatia. Picha nyingi huwa zimeharibika kabla kidole hakijagusa kitufe, kwa sababu mpigaji alifika saa mbaya, akasimama upande mbaya, au hakumsemesha mtu aliyekuwa mbele yake. Yafuatayo si mapendekezo.

Futa lenzi. Simu imeshinda mfukoni pamoja na noti, funguo na vidole vilivyoshika chapati. Mafuta hayo ndiyo yanayoleta utando mweupe kila jua linapokuwa mbele yako. Lakini usifute kwa pindo la jaketi ulilovaa kwenye bodaboda: vumbi jekundu la huku lina mchanga, na mchanga unakwaruza. Puliza kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba. Ni kazi ya sekunde tano na karibu hakuna anayeifanya.

Amka mapema, au baki kitandani. Eldoret iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 12:50 asubuhi mwaka mzima, na hupanda karibu wima, digrii 15 kwa saa. Kwa hiyo ule mwanga wa chini, wa manjano, unaochora kila jani na kila kunyanzi, hudumu takriban dakika 25 tu, kisha jua linapita digrii 6 juu ya upeo na mambo yamekwisha. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya vinazungumzia saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Hiyo ni saa ya kwao. Ukifika Kaptagat saa moja na nusu ukaanza kutafuta pa kuegesha gari, umechelewa. Aliyewahi anakuta ukungu bado umelala kati ya misonobari, na hapo afanye kinyume cha alichofundishwa: alielekee jua, ajibanze nyuma ya shina la mti ili jua lenyewe lisionekane, kisha apunguze mwangaza kwenye kioo mpaka miale itokeze mmoja mmoja.

Usimpige mtu picha ya uso saa saba mchana katikati ya uwanja. Jua liko utosini na macho yanageuka mashimo. Msogeze hatua mbili ndani ya kivuli cha mkalitusi, uso ukielekea nje kwenye mwanga. Basi.

Gusa uso kwenye kioo. Kamera ya simu hupima mwangaza wa fremu nzima na kuusawazisha. Ukimweka mtu mweusi mbele ya anga la Iten, simu itahudumia anga. Gusa uso wake, shikilia mpaka kipimo kifungwe, kisha buruta alama ya jua kidogo juu au chini. Na zima ile sehemu ya urembo inayolainisha na kung'arisha ngozi. Simu nyingi huja nayo ikiwa imewashwa. Nyanya wa miaka themanini aliyepoteza makunyanzi yote hajapendezeshwa, amefutwa.

Jua bonde liko upande gani. Hili ndilo kosa kubwa la Iten, na linarudiwa na wenyeji sawa na wageni. Ukisimama kwenye kituo cha kutazamia, unatazama mashariki: chini ni Kerio, ng'ambo ni milima ya Tugen. Asubuhi jua linatoka nyuma ya Tugen na kukupiga usoni, kwa hiyo asubuhi ni saa ya vivuli. Piga mstari wa milima, piga mtu akiwa mweusi mzima mbele ya mwanga, usitafute rangi. Rangi inakuja alasiri jua likiwa mgongoni mwako. Hata hapo usizubae, maana kadiri jua linavyoshuka, ukuta wa Elgeyo wenyewe unatupa kivuli chake bondeni, na kivuli hicho hutambaa kuelekea mashariki dakika kwa dakika. Mkao mzuri ni ule ambao kivuli kimefunika chini ya ukuta lakini Tugen bado inawaka. Haukai sana.

Na usipige bonde tupu. Kerio ni pana kiasi kwamba kwenye kioo cha simu inageuka ubao wa buluu usio na mwanzo wala mwisho. Weka kitu mbele: mbuzi juu ya jiwe, tawi la mkakaya, rafiki aliyekaa mbali na ukingo. Jicho la mtazamaji linahitaji kipimo. Kuanzia Januari hadi Machi, hali ya hewa ikiwa kavu, wanaoruka kwa parachuti za kuelea hujitupa kutoka kwenye ukuta huu, na parachuti moja nyekundu, ndogo kama punje, inaeleza ukubwa wa Kerio kuliko maneno yoyote utakayoandika chini ya picha. Epuka pia ile lenzi pana ya 0.5 unapopiga milima. Watu huifikiria kuwa ni ya mandhari, kumbe inasukuma Tugen nyuma mpaka inakuwa kichuguu. Kama simu yako ina lenzi halisi ya mara mbili au mara tatu, itumie hapo. Kama haina, usivute kwa vidole viwili: huko ni kukata picha na kuitanua, na ungeweza kuikata nyumbani kwa utulivu.

Usirudi nyuma ukiwa unatazama kioo. Watafiti wa India waliohesabu vifo vya watu waliokuwa wakijipiga selfi duniani, kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2017, walipata 259, na kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa visababishi vikuu. Kule Iten ukuta hauna huruma, na nyasi za ukingoni huteleza baada ya mvua. Kanuni ni moja: chagua pa kusimama kwanza, simama, ndipo uinue simu. Ukitaka kusogea, shusha simu. Anayekwambia "rudi kidogo, kidogo tena" si mpiga picha.

Hilo linahusu pia lile lango la Iten lililoandikwa kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Liko juu ya barabara kuu. Magari yanapita chini yake. Piga ukiwa pembeni.

Waheshimu wakimbiaji, wako kazini. Barabara za vumbi za Kaptagat na Iten ni ofisi ya watu. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alijengewa miguu ile kwenye njia hizi hizi. Usisimame katikati ya njia. Usiwashe flashi alfajiri machoni mwa mtu anayekwepa mawe. Usikimbie kando yao ukiwauliza majina. Na usimsimamishe mtu katikati ya mazoezi kwa ajili ya selfi. Mngoje amalize, avae suruali ya joto, anywe maji, ndipo umsalimie. Salamu ya Kikalenjin, "Chamgei", inafungua milango mingi kuliko simu ya bei ghali.

Sasa ufundi wenyewe. Mkimbiaji anayekata kilomita kwa dakika 3 anakwenda zaidi ya mita 5 na nusu kwa sekunde. Simu ikiachwa ijiamulie katika mwanga hafifu wa alfajiri, inaweza kufungua shata kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, na katika muda huo mtu amesogea sentimita 9. Ndiyo maana unapata ukungu mahali pa uso. Ingia kwenye hali ya Pro, weka shata sehemu moja ya 1,000, naye atakuwa amesogea nusu sentimita tu. Kama mwanga hautoshi kwa hilo, usilazimishe. Geuza udhaifu kuwa ubunifu. Weka sehemu moja ya 30, simama kando ya njia, mfuate mkimbiaji kwa simu kwa kuzungusha kiuno, na ubonyeze ukiwa bado unazunguka. Ukipatia, uso unabaki mkali na miti ya nyuma inageuka mistari. Utakosa mara nyingi. Hiyo ndiyo bei.

Chuchumaa. Watu wengi hupiga wakiwa wamesimama wima, simu kwenye kimo cha macho, na wakimbiaji wote wanazama kwenye udongo mwekundu nyuma yao. Simu ikishuka mpaka kwenye goti, vichwa vinapanda angani, vumbi linaonekana likiruka kutoka kwenye soli, na ule mguu wa nyuma uliokunjwa mpaka karibu ugonge makalio unatokeza. Funga fokasi mahali watakapopita, shikilia kitufe ili simu ipige mfululizo, na chagua fremu ambayo miguu yote miwili iko hewani. Kundi linapita kwa sekunde chache. Huna muda wa kutafuta programu.

Usitangaze njia na saa ya mwanamke anayekimbia peke yake. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Anayeishi huku anajua kwamba si kila anayemfuatilia mwanariadha wa kike ni shabiki. Weka picha mtandaoni kesho yake, bila ramani, na akikubali yeye.

Usipige ajali. Barabara ya kuelekea Kaptagat ndiyo iliyomchukua Kelvin Kiptum, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:00:35, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, usiku wa tarehe 11 Februari 2024. Ukikuta gari limepinduka, simu ni ya kupiga kuomba msaada. Mama wa mtu asijue habari kwa kufungua WhatsApp.

Omba ruhusa, na ukikataliwa uondoke. Hapa sina subira na mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya uso wa mtu ni data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Watoto wanaokufuata njiani wakicheka na kupunga mikono hawajakupa idhini. Mzazi yuko nyumba ya tatu. Nenda umwone, mwamkie, mweleze.

Ukikuta Desemba vijana waliotoka jandoni au wanaoelekea huko, weka simu mfukoni kabisa. Si suala la ruhusa, halina mjadala. Vivyo hivyo kambi za jeshi, kiwanda cha risasi kilichoko nje ya mji, vizuizi vya polisi kwenye barabara za Kerio. Askari atakayekunyang'anya simu hatataka kujua kwamba ulikuwa unapiga mawingu.

Usiipake Kerio rangi isiyo yake. Bonde lile ni kavu, lina vumbi na miti ya miiba, na huo ndio uzuri wake. Ukiongeza kijani mpaka lifanane na majani ya chai ya Nandi, umedanganya mtu atakayelipa nauli kwenda kulitafuta. Nyoosha upeo, ongeza mwanga kidogo vivulini, kata kisichohusika, acha. Anayetaka ubunifu asiutafute kwenye filta. Kuanzia Aprili hadi Septemba mvua hunyesha alasiri mara nyingi, na mvua ikikatika kila dimbwi la barabarani linabeba anga lote. Geuza simu juu chini, lenzi ikaribie maji bila kuyagusa, ngoja bodaboda ipite upande wa pili.

Funga simu kwa kamba mkononi unapokaribia maporomoko ya Torok au unaporuka na parachuti. Chaji pawabenki usiku. Ukishuka kutoka baridi ya Iten kwenda joto la bonde, usishangae lenzi ikifanya mvuke. Subiri ikauke yenyewe, na simu ikipata moto kupita kiasi itie kivulini, si kwenye maji baridi.

Usitume picha kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa na kupoteza nusu ya kazi yako. Itume kama hati, au uchague ubora wa juu kabla ya kutuma. Hifadhi ile ya awali mahali pawili, kwa sababu simu huibwa stendi kila siku.

Mpe mtu picha yake. Uliahidi kumtumia yule kijana wa Kaptagat, na mama muuza mahindi aliyekubali kugeuza uso kwenye mwanga. Tuma leo jioni, uandike na jina lake kwa usahihi, umwulize kama anapenda uiweke hadharani. Mama kama hana simu ya picha, pitia studio yoyote mjini, ichapwe, umpelekee safari ijayo. Akisema macho yametoka vibaya, piga nyingine.