Kuseti tapeti za trekta la zamani: ijue TDC sahihi kabla hujashika spana



Kuna stori inayojirudia sana kwa vijana wa huku pembezoni, kuanzia Chamazi na Kongowe mpaka Mabwepande na Bunju. Wawili watatu wanachanga hela, wananunua Massey Ferguson 135 iliyotumika, lengo ni kulima mashamba yao halafu wapate tenda za kulimia watu Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo kabla mvua hazijakolea. Wiki ya pili trekta linaanza visa. Asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe, likiwaka linatoa moshi mweupe muda mrefu, likishika plau linakosa nguvu. Fundi anakuja, anasikiliza dakika mbili, anasema injini imekufa, inataka ovahoo.

Inaweza ikawa kweli, matrekta haya yalianza kutoka kiwandani mwaka 1964, siyo watoto. Lakini kabla hujauza mahindi yaliyoko stoo ili ulipie ovahoo, kuna kazi ya nusu siku inayotakiwa kufanywa kwanza, nayo ni kuseti tapeti. Vifaa vyake ni fila geji, spana, bisibisi na gasketi mpya ya kava. Kama shida ilikuwa ni nafasi ya valvu, umeokoa msimu. Kama haikuwa hiyo, umepoteza nusu siku tu, na sasa una haki ya kuzungumza habari ya ovahoo.

Najua mtu atauliza bwana shamba na tapeti wapi na wapi. Mbegu bora haioti kwenye shamba ambalo halijalimwa, jibu langu ni hilo.

Kazi yenyewe haina ugumu. Wengi wanaharibu kwenye jambo moja tu: wanaseti wakiwa kwenye TDC ambayo siyo.

Pistoni inafika juu mara mbili

TDC ni pale pistoni inapofika kileleni kabisa, kabla haijaanza kushuka. Sasa injini ya dizeli ya trekta inafanya kazi kwa hatua nne: inavuta hewa, inabana, inalipua, inatoa moshi. Ili hatua hizo nne ziishe, krenki inazunguka mara mbili, na pistoni inafika kileleni mara mbili. Mara ya kwanza ni mwisho wa kubana. Hapo valvu zote mbili za silinda hiyo zimefungwa, roka zake zote mbili zina uchezi ukizishika kwa vidole. Hiyo ndo tunayoitaka.

Mara ya pili ni mwisho wa kutoa moshi. Hapo valvu ya ekzosi haijamaliza kujifunga na valvu ya hewa imeshaanza kufunguka. Kwa hiyo zote mbili ziko wazi kidogo, na roka zimebana.

Ubaya ni kwamba ukitazama puli ya krenki au alama ya kwenye flaiwili, mara zote mbili zinafanana kabisa. Alama inakwambia pistoni iko juu, haikwambii iko juu kwa kazi gani. Kinachojua tofauti ni kemshafti, kwa sababu yenyewe inazunguka mara moja tu wakati krenki inazunguka mara mbili. Na kemshafti unaisoma kupitia roka. Kwa hiyo macho yako yakae kwenye roka, alama ya puli iwe shahidi wa pili.

Mtu akiseti kwenye ile ya pili, nundu za kemshafti zinakuwa zimeshainua valvu kidogo. Fila haiingii, naye analegeza skrubu mpaka iingie. Injini ikizunguka, nundu zikishuka, nafasi inakuwa kubwa kupita kiasi. Utasikia kelele kama ya fundi bati, valvu hazifunguki vya kutosha, hewa inakuwa haba na moshi unageuka mweusi. Hata fito za kusukuma roka zinaweza kuchomoka mahali pake. Hapo ndo yule aliyesema ovahoo anaonekana nabii.

Jinsi ya kuipata

Nazungumzia hapa injini ya Perkins ya silinda tatu, AD3.152, ndiyo iliyoko kwenye 135 nyingi. Kanuni ni ileile kwa injini nyingine za hatua nne, vipimo vya nafasi ndivyo vinabadilika.

Trekta lisimame mahali tambarare, injini iwe imelala usiku kucha ipoe kabisa. Toa waya wa betri. Vuta ile kamba ya kuzimia na iachwe imevutwa, maana dizeli haihitaji ufunguo ili iwake. Ikipata mafuta na mgandamizo inaweza kupiga teke, na mkono wako uko kwenye feni. Futa vumbi lote juu ya kava kabla ya kufungua, mchanga wa Mbande ukidondokea ndani umejiongezea kazi.

Injini hii ukisimama mbele yake inazunguka kufuata mshale wa saa. Zungusha kwa spana kwenye nati kubwa ya puli ya krenki. Ikiwa spana haipati nafasi, weka gia ya juu ya kwenda mbele, watu wawili wasukume trekta polepole kwenda mbele huku wewe ukitazama roka. Usizungushe kinyume, utachanganya mpangilio wote.

Silinda namba moja ni ya mbele, upande wa rejeta. Tambua kwanza valvu yake ipi ni ya hewa na ipi ni ya ekzosi, kwa kufuatisha bomba la ekzosi linaingia mkabala na ipi. Halafu zungusha taratibu. Valvu ya hewa itabonyezwa chini, itakaa, kisha itaanza kurudi juu. Ikimaliza kurudi na roka yake ikapata uchezi, pistoni imeshaanza kupanda kubana. Endelea theluthi moja ya mzunguko na kidogo, utakuwa kileleni au jirani kabisa.

Sasa thibitisha. Sogeza krenki kidogo mbele, kidogo nyuma, ukitazama roka za silinda hiyo. Zikitulia zote mbili bila kujisogeza, uko sahihi. Lakini ukiona moja inapanda huku nyingine inashuka kama watoto kwenye bembea ya ubao, hiyo ni TDC ya kutoa moshi. Usiguse kitu, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili.

Ukiwa umetoa nozeli ili injini izunguke kirahisi, kuna shahidi mwingine. Weka kidole kwenye tundu la nozeli ya silinda namba moja, wakati wa kubana hewa itakisukuma kidole kwa nguvu. Ila ukizitoa, nunua washa mpya za shaba za kurudishia.

Je, lazima iwe kileleni kabisa?

Hapa vijana wanajitesa bure. Pistoni ya injini hii inasafiri milimita 127 kutoka chini mpaka juu. Lakini karibu na kilele inajikongoja: krenki ikizunguka digrii 5 kutoka TDC, pistoni inakuwa imeshuka kama milimita 0.3 tu, sawa na unene wa fila utakayotumia. Katikati ya safari, digrii hizohizo 5 zinaisogeza zaidi ya milimita 5. Ndiyo maana kutafuta kilele kwa jicho au kwa kijiti ni kubahatisha. Unaona kama imesimama, kumbe bado inaenda.

Kwa tapeti hilo halina madhara. Kuanzia valvu ya hewa inapofungwa mpaka valvu ya ekzosi inapoanza kufunguka, krenki inazunguka zaidi ya nusu mzunguko, na muda wote huo valvu zote mbili zimefungwa. Kukosea digrii kadhaa huku uko kwenye kilele sahihi hakuharibu kitu. Kuwa kwenye kilele kisicho sahihi, hata kwa usahihi wa nywele, kunaharibu kila kitu.

Pampu ya nozeli ni habari nyingine. Kule digrii mbili tatu zinaonekana kwenye moshi na kwenye nguvu, kwa hiyo usije ukalegeza pampu kwa kutegemea TDC uliyoipata kwa njia hii. Hiyo mwachie fundi mwenye vifaa.

Fila na vipimo

Kwa Perkins hii nafasi ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, au 0.25 ikiwa ya moto, valvu za hewa na za ekzosi sawa. Kwenye fila za inchi tafuta iliyoandikwa .012 na .010. Mimi nashauri baridi, kwa sababu injini ya moto iliyofunguliwa kava inapoa wakati unafanya kazi, na silinda ya tatu hutaipima kwenye joto la ile ya kwanza.

Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu kwa bisibisi huku fila ikiwa kati ya roka na shina la valvu. Inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu. Kaza nati huku umeishikilia skrubu isizunguke, halafu pima tena. Hiki kipimo cha pili wengi wanakiruka, na nati ikikazwa mara nyingi inaondoka na skrubu.

Angalia pia uso wa roka. Kwenye trekta la umri huu mara nyingi pamechimbika kashimo. Fila ni bapa, inapita juu ya kashimo bila kuingia ndani, wewe unasoma 0.30 kumbe nafasi halisi ni kubwa zaidi. Roka ya namna hiyo ipelekwe ikasawazishwe au ibadilishwe, usiilazimishe kwa kukaza zaidi.

Ukimaliza silinda ya kwanza, mpangilio wa kuwaka ni 1, 2, 3. Mizunguko miwili ya krenki ukigawa kwa silinda tatu, kila moja inafuata baada ya theluthi mbili za mzunguko. Chukua uzi, uzungushie puli, ukate sawasawa, ukunje mara tatu, uweke alama tatu za chaki kwenye puli. Toka alama ya kwanza, ruka moja, simama kwenye inayofuata: silinda ya pili iko tayari. Ruka moja tena, ya tatu. Kila mara rudia lile jaribio la bembea kabla ya kushika spana.

Kati ya tapeti inayopiga kelele na iliyonyamaza kimya, naiogopa zaidi iliyonyamaza. Siti ya valvu inalika, valvu inapanda juu, nafasi inapungua taratibu mpaka inaisha, na wala husikii chochote. Valvu ya ekzosi inapoa kwa kugusa siti yake. Isipofunga vizuri inaungua, mgandamizo unavuja, na huo ndo mwanzo wa trekta la kusukumwa kila asubuhi.

Kwa wenye pawatila na pampu

Injini za Kichina za S195 za silinda moja zina alama ya TDC kwenye flaiwili, lakini matangi na rejeta zake hufunguliwa na kufungwa ovyo, alama ya kulinganishia inahama. Amini roka. Hakikisha ile wenzo ya kupunguza mgandamizo imerudishwa, vinginevyo inashikilia valvu. Vipimo baridi ni 0.35 kwa hewa na 0.45 kwa ekzosi.

Pampu za petroli za Honda GX160 ni 0.15 hewa na 0.20 ekzosi, baridi. Hizi zina mtego wake: ndani kuna kifaa kinachoinua valvu ya ekzosi kidogo wakati wa kubana ili kamba ivutike kirahisi. Ukizungusha kwa mkono utaona ekzosi inashtuka kabla ya kilele. Siyo kwamba umekosea TDC, endelea kuzungusha mpaka pistoni ifike juu kabisa na roka ilegee, ndipo upime.

Ukisharudisha kava, rudisha kamba ya kuzimia, toa hewa kwenye mfumo wa mafuta kama ulifungua nozeli, washa na liache lipate moto bila mzigo. Sikiliza. Mlio mwepesi wa tapeti unaolingana ni sawa. Mlio mmoja unaozidi mingine, zima, subiri lipoe, rudia silinda hiyo peke yake. Na kama moshi mweupe wa asubuhi haukupungua hata kidogo baada ya hapo, mwite fundi akapime mgandamizo silinda moja moja, akuonyeshe geji kwa macho yako kabla hajataja bei.