Walinzi wa Shamba Nao Hutaka Chakula

Mkulima wa Kericho au Bomet aonapo vidukari juu ya machipukizi ya chai yake, au utitiri mwekundu ukiyachoma majani katika jua la Januari hadi Machi, hufikiri mara moja habari ya dawa. Lakini chai ya Kenya kwa kawaida hulimwa bila kunyunyiziwa dawa za wadudu, na wanunuzi wa ng'ambo huipima wakitafuta mabaki ya sumu. Basi ni nani alindaye mashamba hayo? Pamoja na mvua na baridi, ni wadudu walao wadudu wenzao.

Tumtazame mmoja wao. Yuko nzi mwembamba mwenye mistari ya manjano na nyeusi kama nyigu, ambaye husimama hewani mbele ya ua. Hana mwiba. Buu wake hula vidukari mamia kabla ya kukomaa. Lakini nzi mwenyewe hali kidukari hata mmoja: chakula chake ni maji matamu ya maua na unga wake, yaani chavua, na jike asipoupata unga huo mayai yake hayakomai.

Hapo ndipo ilipo shida ya nchi ya chai. Mchai unaochumwa kila wiki moja au mbili hautoi maua mengi. Mkulima akizifyeka na kando za shamba zikawa nyeupe kabisa, mlinzi huyo hana pa kula, naye huhamia kwingine.

Jambo hili lilionekana wazi katika muhogo. Utitiri wa kijani kutoka Amerika ya Kusini ulionekana Uganda mwaka 1971, ukaenea Afrika na kuharibu muhogo mwingi. Mwaka 1993 wataalamu waliachilia Benin utitiri mwingine wa kutoka Brazil, ulao ule wa kijani, na baadaye ukafikishwa Kenya pia. Huu hukaa katika ncha ya mmea, na mawindo yakipungua huishi kwa utomvu wa muhogo na chavua. Kwa hiyo haufi njaa wala kuhama. Adui akirudi humkuta mlinzi yu papo hapo.

Hata hivyo si kila chakula ni msaada. Mlaji aliyeshiba chavua huweza kupunguza mawindo kwa siku kadhaa, ijapokuwa baadaye uzao wake huongezeka. Tena vidukari hutoa maji matamu yanayopendwa na sisimizi, nao huwalinda vidukari kama mchungaji alindavyo ng'ombe wa maziwa, wakiwafukuza wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi.

Simsemi kwamba shamba liachwe liwe pori, kwani kishona nguo nacho hufuga vidukari. Yatosha kuacha ukanda mwembamba wa maua kandokando, na katika bustani ya sukuma wiki kuacha mistari michache ya dhania ichanue. Maua ya dhania hayadumu. Yafaa kupanda mstari mwingine kila baada ya wiki chache. Na dawa ikilazimu kupigwa kwenye mboga, ipigwe jioni, nzi hao wakiwa wamekwisha kuyaacha maua.