Jiko Lililala Wapi? Sumu ya Mkaa Ndani ya Nyumba: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Familia

Muhtasari

Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo watu wengi huudhani kuwa salama kuingizwa chumbani. Somo hili linaeleza kwa nini dhana hiyo ni ya hatari, namna ya kutambua kasoro za jiko la mkaa na kuzirekebisha, na jinsi mhudumu wa afya anavyoweza kumtambua mgonjwa aliyevuta hewa ya kaboni monoksaidi hata pale dalili zake zinapofanana na za malaria. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kulikagua jiko lake, kuuliza swali linalofaa kwa wakati, na kutoa huduma ya kwanza bila kujihatarisha.

Utangulizi

Kanyenye ni kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19 baina ya pwani na Ujiji. Wapagazi wa misafara hiyo walipikia kambini, juu ya mafiga, chini ya anga wazi. Moto wao ulitoa moshi na sumu kama moto wa leo, lakini upepo uliviondoa. Kilichobadilika ni mahali pa moto. Katika nyumba za kupanga, ambamo vyumba hutazamana na ukumbi mmoja, jiko la mkaa hukaa uani wakati wa kiangazi. Mvua zinaponyesha, kati ya Novemba na Aprili, huhamishiwa ukumbini au chumbani. Mwezi Juni na Julai, usiku unapokuwa na baridi, makaa yaliyobaki huachwa chumbani ili yapashe joto, na madirisha huzibwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto wenye umri chini ya miaka 5. Nimonia, kiharusi, maradhi ya moyo na ya mapafu ndiyo yanayochukua sehemu kubwa ya idadi hiyo. Hayo ni madhara yanayojengeka kwa miezi na miaka. Somo hili linahusu madhara ya aina nyingine, yanayoweza kutokea kwa usiku mmoja.

Jinsi jiko linavyotengeneza sumu

Hewa huingia katika jiko la mkaa kupitia mlango wa majivu, hupanda katika matundu ya kitako cha udongo au bati, na kukutana na makaa ya chini. Hapo oksijeni huungana na kaboni na kuwa kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa. Hewa hiyo inapoendelea kupanda katikati ya makaa mekundu yaliyo juu, hugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Ikifika juu ikiwa na joto la kutosha na kupata hewa mpya, sehemu yake huungua. Huo ndio ulimi mwembamba wa moto wa buluu unaoonekana juu ya makaa. Isipoungua, huenea chumbani.

Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi humfukuza mtu kwa kumtoa machozi na kikohozi. Kaboni monoksaidi haitoi onyo lolote. Kwa hiyo jiko ambalo moshi wake umekwisha, na ambalo mtu hulihesabu kuwa tayari kuingizwa ndani, linaweza kuwa ndilo linalotoa sumu nyingi. Hatari huongezeka makaa yanapofukiwa kwa majivu au mlango wa hewa unapofungwa ili moto ukae hadi asubuhi, kwa kuwa hapo makaa huungua polepole kwa hewa haba.

Jiko banifu, lenye udongo ndani na bati nje, hupunguza matumizi ya mkaa kwa kuzuia joto lisipotee. Hilo ni jambo jema kwa mfuko na kwa misitu ya miombo. Hata hivyo, ubanifu wake hauondoi kaboni monoksaidi, na jiko hilo nalo halifai kulala chumbani.

Kulikagua jiko: kasoro, sababu na marekebisho

Moshi mwingi usiokwisha. Mara nyingi mkaa umelowa, au una vipande visivyoiva ambavyo ndani bado ni mti. Vipande hivyo vitolewe kwa koleo, na mkaa ukaushwe juani kabla ya kutumika. Jiko liwashwe uani kwa vijiti vikavu. Mifuko ya plastiki isitumike kuwashia, kwa maana moshi wake una sumu nyingine. Mafuta ya taa yasimiminwe kamwe juu ya makaa yaliyokwisha kushika moto, kwani mwali huweza kumrukia anayemimina.

Moto unaofifia. Sababu ya kawaida ni majivu yaliyoziba matundu, au chenga za mkaa zilizojazana na kuzuia hewa. Majivu yaondolewe kila mara kabla ya kuwasha, na chenga zichekechwe. Kupepea kwa nguvu bila kuzibua matundu hurusha cheche na majivu tu.

Sufuria linaloziba mdomo wa jiko. Sufuria likikalia jiko bila nafasi, hewa haipiti na kaboni monoksaidi haipati nafasi ya kuungua. Liegemee vyuma vitatu vya jiko, pawe na upenyo kuzunguka ukingo. Vyuma vikikatika, vitengenezwe. Kuweka vipande vya mawe badala yake hulifanya sufuria liyumbe na huweza kumwaga maji ya moto juu ya mtoto.

Udongo uliopasuka. Ufa mdogo wa juu juu si tatizo kubwa. Udongo ukimeguka hata makaa yakagusa bati, bati huwa la moto wa kuunguza na hutoboka upesi. Jiko hilo lijengewe udongo mpya na fundi, au liachwe.

Makaa yanayodhaniwa kuzimika. Makaa yaliyofunikwa majivu huweza kubaki hai kwa saa nyingi. Ili kuyazima, yahamishiwe kwa koleo katika debe la chuma lenye mfuniko na kuachwa nje, au yafukiwe kwa mchanga huko huko uani. Kumwagia maji jiko lenye moto hupasua udongo, na mvuke wake huunguza mikono na uso.

Kasoro hizi zote zikisharekebishwa, jiko huwaka vizuri zaidi, lakini halijawa salama kwa chumba cha kulala. Hakuna marekebisho yanayolifikisha hapo.

Sumu inavyofanya kazi mwilini

Hemoglobini, iliyomo katika chembe nyekundu za damu, ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Kaboni monoksaidi hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Hivyo kiasi kidogo katika hewa, kikivutwa kwa muda, hutosha kuinyima damu nafasi ya kubeba oksijeni. Ubongo na moyo huumia kwanza. Mtu aliye macho huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na miguu kuishiwa nguvu. Aliyelala huweza kupita kutoka usingizini hadi kupoteza fahamu na kufa bila kuamka.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa moyo, wenye upungufu wa damu, na wajawazito. Mtoto aliye tumboni huchelewa kuitoa sumu hiyo kuliko mama yake, kwa hiyo mama anaweza kujisikia nafuu huku mtoto akiendelea kudhurika.

Mgonjwa anapofika kituoni

Katika mkoa ambako malaria ni maradhi ya kila siku, mtu anayefika asubuhi akilalamika kichwa, kutapika na uchovu hufikiriwa kuwa na malaria kabla ya lingine lolote. Hapo ndipo kosa huweza kutokea. Mfano huu wa kufundishia unaonyesha njia.

Mama anafika zahanati mwezi Julai akiwa na binti wa miaka 9 na mtoto wa miaka 3. Wote watatu wameamka na kichwa kizito; binti ametapika mara mbili. Hakuna mwenye homa. Kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) cha binti kinaonyesha malaria. Cha wengine hakionyeshi. Oksijeni kwa kipimo cha kidoleni ni asilimia 98 kwa wote. Muuguzi anauliza: “Mama, usiku wa jana jiko lililala wapi?” Mama anajibu kwamba lililala mlangoni, ndani, kwa sababu ya baridi.

Mambo manne ya mfano huu yazingatiwe. Kwanza, watu kadhaa wa chumba kimoja wameugua kwa saa moja, na malaria haina desturi hiyo. Pili, hawana homa. Tatu, mRDT huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona. Kwa hiyo jibu hilo lifuatiliwe kwa mujibu wa mwongozo wa tiba, ila lisifunge uchunguzi. Nne, na hili ni muhimu kuliko yote, kipimo cha oksijeni cha kidoleni hudanganyika. Kifaa hicho husoma rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi huonekana kwake kama damu iliyobeba oksijeni. Asilimia 98 haimaanishi kwamba mgonjwa yu salama.

Dalili nyingine ya kuulizia ni kama mgonjwa hupata nafuu anapotoka nje na kuzidiwa anaporudi ndani. Swali la jiko liulizwe pia kwa mfanyakazi anayelala karibu na tanuri la bani la kukaushia tumbaku, na kwa mzazi aliyewekewa makaa chumbani ili yeye na mtoto wapate joto.

Huduma ya kwanza na matibabu

Anayewakuta watu wamelegea chumbani afungue mlango na madirisha, awatoe nje upesi, kisha ndipo jiko litolewe. Asikae ndani kuwapepea, maana naye ataanguka. Asiyepumua asaidiwe kupumua na apelekwe hospitali mara moja. Mgonjwa asinyweshwe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu iliyoingia kwa pumzi, na kwa aliyepungukiwa fahamu huweza kuingia mapafuni.

Kituoni, dawa ni oksijeni. Itolewe mapema, kwa kiwango cha juu, kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, bila kungoja kipimo cha kidoleni kishuke. Mtu anapovuta hewa ya kawaida, kiasi cha kaboni monoksaidi katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni ya kiwango cha juu, muda huo hushuka hadi takriban saa 1 hadi 1 na nusu. Oksijeni iendelee hadi dalili zote ziishe, na kwa mjamzito iendelee kwa muda mrefu zaidi. Sukari ya damu ipimwe kwa kila aliyepoteza fahamu. Waliopoteza fahamu hata kwa dakika chache, wenye maumivu ya kifua, wenye degedege na wajawazito wote wapewe rufaa wakiwa katika oksijeni. Kwa wakazi wa Kanyenye, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete.

Kabla ya kuruhusiwa, familia ielezwe kwamba baada ya siku chache au wiki kadhaa mgonjwa anaweza kuwa msahaulifu, kubadilika tabia au kutembea kwa shida. Dalili hizo zikitokea, arudi kituoni. Wote waliolala chumba hicho, hata wasiolalamika, waitwe na kuchunguzwa.

Mambo ya kufuata nyumbani

Jiko lipikiwe uani au chini ya kibanda kilicho wazi pande zake. Mvua ikilazimisha kupikia ukumbini, milango ya mbele na ya nyuma iachwe wazi mpaka jiko litoke. Dirisha liwekwe wavu wa mbu, ili familia isilazimike kuchagua kati ya hewa na malaria. Lakini dirisha wazi halitoshi kulihalalisha jiko kulala ndani.

Maharage yakilowekwa tangu jioni huiva upesi, na hakuna haja ya kuyaacha jikoni usiku kucha. Joto la usiku litafutwe kwa blanketi na nguo. Mtoto mchanga avishwe kofia na soksi na alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Chetezo cha udi au ubani nacho kina makaa, kwa hiyo kitolewe nje kabla ya kulala.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hadi familia itakapoweza kumudu gesi au umeme, kanuni ya msingi ni moja: jiko la mkaa lilale nje.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mkaa usiotoa moshi huweza kuwa hatari kuliko unaofuka?
2. Mgonjwa ana asilimia 99 kwa kipimo cha kidoleni, na alilala na jiko. Je, anahitaji oksijeni?
3. Taja mambo mawili yanayotofautisha sumu ya mkaa na malaria katika familia moja.
4. Makaa yazimwe vipi bila kupasua jiko?

Majibu: (1) Kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, hivyo haimfukuzi mtu. (2) Ndiyo, mara moja. Kipimo hicho hakitofautishi hewa hizo mbili. (3) Wengi kuugua pamoja kwa saa moja, na kukosekana kwa homa. Pia nafuu wanapotoka nje. (4) Kwa debe la chuma lenye mfuniko au kwa mchanga, nje ya nyumba.