Kifo Mwenye Jembe

Katika Kiswahili husema "kifo kimekuja", kama tusemavyo "kiti kimevunjika". Lakini mtungaji wa hadithi akikigeuza kifo kuwa mtu, sarufi nayo hugeuka: "Kifo amekuja, akabisha hodi." Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mbinu hii huitwa tashihisi. Nami nilijiuliza: mtungaji hupata faida gani kwa kumpa Kifo miguu na mikono? Sisemi hapa habari za Malaika wa Mauti tunayefundishwa katika dini, bali za mhusika wa hadithi tu.

Kitabu cha kwanza ni The Palm-Wine Drinkard cha Amos Tutuola wa Nigeria, kilichopigwa chapa London mwaka 1952. Mlevi mmoja amefiwa na mgema wake aliyeanguka kutoka juu ya mti, naye aenda kumtafuta huko waliko wafu. Mzee mmoja amwambia, "Niletee Kifo kwanza, ndipo nitakuonyesha njia." Mlevi afika nyumbani kwa Kifo, na je, amkuta akifanya nini? Yumo shambani mwake, katika viazi vikuu! Kwa hila amnasa kwa wavu, ambeba hadi kwa yule mzee. Watu wakimbia, Kifo atoka wavuni, na tangu siku ile hana makao. Ndiyo sababu, asema Tutuola, twasikia habari zake kila mahali.

Kitabu cha pili ni Reaper Man cha Terry Pratchett wa Uingereza, cha mwaka 1991. Pratchett alitunga vitabu 41 juu ya dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne juu ya mgongo wa kobe, na Kifo yumo karibu katika vyote. Ni mifupa mitupu, lakini hana chuki na mtu. Ampenda farasi wake aitwaye Binky. Katika kitabu hiki Kifo aachishwa kazi, apewa saa ya mchanga ya maisha yake mwenyewe. Basi ajiita Bill Door, aenda kuwa kibarua katika shamba la bibi mmoja mzee. Huko akata majani kwa mundu mrefu, jani moja moja, wala hafyeki kwa jumla. Na kwa mara ya kwanza aona jinsi ilivyo kutazama mchanga wako ukipungua.

Watungaji hawa wawili walitoka nchi za mbali mbali, lakini wote walimpeleka Kifo shambani. Nadhani sababu ni hii: mkulima havuni kwa hasira.

Jambo hili lilinigusa. Mwaka jana babu yangu alifariki wakati wa mavuno ya mahindi, nami nilikuwa hapa shuleni katika mitihani. Wazee hawakutaka kunitia wasiwasi, kwa hiyo nilipata habari nilipofika nyumbani, siku kumi na mbili baada ya maziko. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua nimkasirikie nani. Wazazi wangu walinitakia mema, na kifo cha "ki-" hakina masikio. Niliposoma vitabu hivi nilipata mtu wa kumwuliza: "Mbona hukuningoja?" Hakunijibu. Lakini nilimkumbuka babu akipita mstari kwa mstari, akilishika kila gunzi kwa mkono wake, na hasira yangu ikapungua kidogo. Huzuni ingalipo.

Wenzangu mnaotunga insha, mkimfanya Kifo kuwa mtu, msimpe meno marefu na macho mekundu tu, kwani hayo humtisha msomaji kwa dakika moja. Mpeni nyumba, kazi, na jambo asiloliweza. Ndipo msomaji aliyefiwa atakapoweza kuzungumza naye.