IBADA ZA KALE ZILIVUKAJE MIPAKA? SOMO LA ISIS NA BUSWEZI



Ndugu wanafunzi na wazazi, katika tarikh tunasoma habari za Nabii Yusuf na Nabii Musa (a.s.) katika nchi ya Misri. Wengi hudhani miungu ya Misri ilibaki hukohuko kwa Firauni. Sivyo. Leo tutazame ilivyotoka kwao, kisha tutazame ibada nyingine iliyosafiri hadi huku kwetu Usukuma.

1. Isis avuka bahari

Upande wa kusini, ibada za Misri zilifuata mto Nile hadi Nubia, yaani Sudan ya leo, ambako mahekalu ya Amun yalijengwa Jebel Barkal na Meroe. Upande wa kaskazini zilipanda majahazi. Katika karne ya 4 kabla ya Nabii Isa (a.s.), Wamisri waliokuwa Piraeus, bandari ya Athens, walikwisha kuruhusiwa kujenga hekalu la mungu wao wa kike, Isis. Baadaye ibada hiyo ikafika Italia. Hekalu lake mjini Pompeii lilifukiwa na volkano mwaka 79. Huko Misri kwenyewe, hekalu lake la Philae, karibu na Aswan, lilifungwa katika karne ya 6.

Kwa nini Wagiriki na Warumi walimpokea? Hakuna jeshi la Misri lililowalazimisha. Mabaharia walimwomba awaokoe na mawimbi, wagonjwa walimwomba uzima.

2. Buswezi wafika Usukuma

Hatusemi kwamba Buswezi ulitoka Misri. Asili yake ni nchi za Maziwa Makuu, katika masimulizi ya Bachwezi wa Kitara, Uganda ya leo. Kule Mubende, Ndahura alihusishwa na ugonjwa wa ndui. Ibada hii ikaenea Karagwe, Buha, Unyamwezi na Usukuma. Mwaka 1955 Hans Cory, aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama mtaalamu wa mila, alichapisha makala juu yake.

Mlango wake ni uleule. Mtu anaugua, au mwanamke anakosa mtoto. Anakwenda kwa mfumu, naye anaambiwa kuwa mizimu ya Waswezi inamtaka. Anatoa ada, anafanyiwa sherehe, anafundishwa siri za chama. Tangu hapo ana ndugu wapya.

3. Tunajifunza nini?

Ibada hizi ziliingia kwa mlango wa haja: maradhi, hofu na upweke. Kwa hiyo, anayetaka Tauhidi isimame nyumbani kwake hapa Bariadi, Maswa au Meatu asitosheke na kukemea. Mgonjwa apelekwe hospitali, aombewe dua, atembelewe. Mwanamke asiyepata mtoto asisimangwe na mawifi. Tukimwacha peke yake, wako watakaompokea.

Tena tusiwatukane babu na bibi zetu waliopita njia hiyo. Qur'an (Suratul An'aam, aya ya 108) inatukataza kutukana vinavyoabudiwa kinyume cha Allah (s.w.), wasije wenyewe wakamtukana Allah kwa kutojua.

Mfano wetu ni Nabii Yusuf (a.s.). Wafungwa wawili walimjia na haja yao, ndoto zilizowasumbua. Hakuwafukuza wala hakuwadhihaki. Aliwaeleza kwanza Mungu Mmoja, kisha akawafasiria ndoto zao. Alifundisha Tauhidi na haja ya mtu akaitimiza, katika nchi hiyohiyo iliyojaa masanamu.

Zoezi

(a) Taja njia mbili ambazo ibada za Misri zilipitia kutoka nchini mwao.
(b) Isis na Buswezi vinafanana katika jambo gani?
(c) Muulize mzee wa nyumbani kwenu, kwa adabu: zamani mtu akiugua alikwenda wapi, na nani alikaa naye?

Tunamwomba Allah (s.w.) atuthibitishe katika Tauhidi, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa majirani wema. Aamin.